EFEBO: NENO LA WAYUNANI LA KUMWITA KIJANA

Wanafunzi wenzetu, nanyi ndugu mliokwisha kumaliza masomo mkaingia katika kazi za dunia, somo letu la safari hii ni neno moja tu. Ni neno la Kiyunani, lugha ya watu wa Ugiriki ya kale. Neno lenyewe ni *ephebos*. Hapa tutaliandika efebo, lisipate kutukwaza ulimi. Ukilitafuta katika kamusi utaambiwa kwamba maana yake ni "kijana". Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Ni kama kumwambia mtu asiyeiona bahari kwamba jahazi ni mbao. Mbao zimo kweli, lakini safari haimo.

Maneno yanayotaja umri ni maneno yenye shida katika kila lugha. Hata sisi tunayo: mtoto, mvulana, kijana, barobaro, mtu mzima, mzee. Ni nani awezaye kusema ni siku gani kijana alikoma kuwa kijana? Mtu wa miaka 35 huitwa kijana katika mkutano wa wazee, naye akirudi nyumbani huitwa baba. Wayunani nao waliiona shida hii, na neno efebo ni njia moja waliyoitumia kuitatua.

1. Jamaa za neno hili

Wayunani walikuwa na maneno mengi ya kumtaja mwanamume kwa umri wake. Philo, mwanachuoni Myahudi aliyekaa Alexandria katika nchi ya Misri, ametuwekea hesabu aliyosema ni ya Hippocrates, yule mganga mashuhuri. Katika hesabu hiyo maisha hukatwa kwa saba-saba. Mtoto mdogo huitwa *paidion* mpaka miaka 7. Kisha ni *pais* mpaka 14. Ni *meirakion* mpaka 21. Ni *neaniskos* mpaka 28. Ndipo huwa *aner*, yaani mwanamume kamili, mpaka 49. Baada ya hapo huingia uzeeni.

Hesabu hii ni nzuri kwa kukariri, lakini watu hawaishi kwa kufuata jedwali. Xenophon ametupa kisa kimoja cha kuchekesha. Katika mwaka 404 K.K. mji wa Athene ulitawaliwa na watu 30 wakali. Wawili wao, Critias na Charicles, walimwita Socrates wakamkataza asizungumze na vijana. Socrates akawaomba wamfafanulie, asije akavunja amri kwa kutojua: mtu huhesabiwa kijana mpaka umri gani? Charicles akajibu kwamba ni kijana maadamu hajaruhusiwa kuketi katika Baraza, kwa kuwa akili yake haijapevuka. Basi asiseme na mtu aliye chini ya miaka 30. Socrates akauliza tena: nikienda kununua kitu, na mwuzaji hajatimiza miaka 30, nisimwulize bei?

Mzee alikuwa akiwadhihaki, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Neno "kijana" likiwa halina mpaka, mwenye nguvu huuweka mpaka apendapo yeye.

2. Asili ya neno

Efebo ni neno la vipande viwili. Kipande cha kwanza ni *epi*, yaani "juu ya" au "penye". Cha pili ni *hebe*, yaani ujana ule unaochanua, wakati sauti inapokuwa nzito na ndevu zinapoanza kuota. Wayunani walimwazia hata mungu wa kike aliyeitwa Hebe, binti wa Zeus na Hera, ambaye kazi yake ilikuwa kuwamiminia miungu kinywaji chao; na Heracles alipopokewa mbinguni aliozwa yeye.

Basi kwa asili efebo ni mtu aliyefika penye hebe. Ni neno la mwili, na mwili hauombi ruhusa ya mtu; ndevu huota zenyewe. Lakini Waathene walilichukua neno hili wakalitia katika sheria, na hapo ndipo lilipopata maana nyingine. Haikutosha tena kuwa na ndevu. Ilipasa watu wasimame na kusema: huyu tunamjua.

3. Siku ya kupigiwa kura

Habari hizi tunazipata katika kitabu kiitwacho Katiba ya Waathene, kilichoandikwa na Aristotle au na mmoja wa wanafunzi wake, katika miaka ya mwisho ya maisha ya Aristotle, aliyekufa mwaka 322 K.K. Kitabu hicho kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi. Kisha kikaonekana kimeandikwa juu ya mafunjo yaliyotoka Misri, na Frederic Kenyon akakichapisha London mwaka 1891.

Kila raia wa Athene alikuwa wa kijiji au mtaa fulani, ulioitwa demo. Mvulana alipotimiza miaka 18, watu wa demo yake walikutana. Walikula kiapo kwanza, kisha wakapiga kura juu ya mambo mawili. Jambo la kwanza: je, umri wake umetimia? Wakiona haujatimia, alirudishwa katika kundi la watoto. Jambo la pili: je, ni mtu huru, na amezaliwa kwa halali? Tangu mwaka 451 K.K., kwa sheria iliyoletwa na Pericles, ilipasa baba na mama wote wawili wawe wa jamaa za raia.

Sasa tazameni hatari iliyokuwamo. Wakisema kwamba mvulana huyo si mtu huru, aliweza kukata rufani mahakamani. Akishinda, watu wa demo walilazimika kumwandika. Akishindwa, mji ulimwuza kuwa mtumwa. Huko kwetu mtihani ukituangusha, tunarudia darasa au tunatafuta njia nyingine. Yule mwenzetu wa Athene aliingia mahakamani akiwa mtu, na huenda akatoka akiwa bidhaa.

Baada ya kura ya demo, Baraza la watu 500 lilikagua tena. Likiona mtu ameandikwa kabla ya miaka 18, liliwatoza faini watu wa demo waliomwandika. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa na gharama yake, wala mtu hakunyosha mkono kwa kumridhisha jirani tu.

Kwa mwingine siku hiyo ilikuwa siku ya ukombozi. Demosthenes, aliyekuja kuwa msemaji mkuu wa Athene, alifiwa na baba yake akiwa na miaka 7. Mali iliachwa mikononi mwa walinzi watatu. Kwa maneno yake mwenyewe, mali hiyo ilikaribia talanta 14, nazo ni sawa na mina 840. Alipofika umri na kuandikwa, walinzi wakamkabidhi kiasi cha mina 70 tu. Yaani sehemu 1 katika 12. Akiwa mtoto asingeweza kusema neno. Alipokwisha kuandikwa, alijifunza sheria, akamshtaki mlinzi mmoja aitwaye Aphobus, akashinda kesi naye ana miaka kama 20. Kuipata mali yote hakukuwezekana, lakini sauti yake ilisikika, na haikunyamaza tena.

4. Miaka miwili ya efebo

Mwaka 338 K.K. Waathene walishindwa vitani huko Chaeronea na Philip, mfalme wa Makedonia. Miaka michache baadaye mafunzo ya maefebo yalipangwa upya, na mpango huo ndio ulioelezwa katika kitabu tulichokitaja.

Athene iligawanywa katika makabila 10. Hayakuwa makabila ya lugha mbalimbali, bali mafungu ya raia. Baba wa vijana walikutana kabila kwa kabila, wakala kiapo, wakachagua watu watatu waliopita miaka 40 ambao waliwaona kuwa wafaao kuliko wote kuwaangalia vijana wao. Kati ya hao, mkutano wa raia ulichagua mmoja kwa kila kabila. Cheo chake kiliitwa *sophronistes*, maana yake mwenye kuwafundisha watu kiasi na kujizuia. Juu yao wote aliwekwa mkuu mmoja, *kosmetes*, yaani mpanga mambo.

Kwanza vijana walizungushwa katika mahekalu ya mji. Kisha walishuka mpaka bandari ya Piraeus, wakakaa ulinzi. Walikuwapo walimu wa mazoezi ya viungo, na walimu wa kupigana kwa silaha nzito, kulenga upinde, kutupa mkuki mwepesi, na kuendesha mtambo wa kuvurumishia mishale. Kila efebo alitengewa oboli 4 kwa siku, na oboli 6 zilikuwa drakma moja. Lakini fedha hizo hazikutiwa mfukoni mwake. Mwangalizi alizipokea zote, akanunua chakula, na vijana wa kabila moja wakala pamoja. Waliosoma shule za bweni hawatahitaji kuelezwa jambo hili.

Mwaka wa pili walisimama mbele ya raia wote katika ukumbi wa michezo, wakaonyesha gwaride lao. Hapo kila mmoja alipewa na mji ngao na mkuki. Kisha walitoka kuzunguka mipakani na kukaa katika ngome. Vazi lao lilikuwa joho fupi liitwalo *chlamys*. Kwa miaka ile miwili hawakutozwa kodi, wala hawakuweza kushtaki au kushtakiwa, ili wasipate udhuru wa kutoroka kazi. Waliruhusiwa tu katika mambo ya urithi, au ya binti aliyeachiwa mali ya baba yake, au ya ukuhani wa ukoo. Mwanzo huu ni wa kustaajabisha: mji ulimpa kijana jina la raia, kisha ukamwambia atumikie kwanza kabla ya kudai.

5. Kiapo

Maefebo waliapa katika mahali patakatifu pa Aglauros, chini ya mlima wa Acropolis. Maneno ya kiapo chao yalichongwa juu ya jiwe katika karne ya nne K.K., na jiwe hilo limeonekana katika demo ya Acharnae. Kijana aliahidi kutoziaibisha silaha zake, na kutomwacha mwenzake anayesimama ubavuni pake. Aliahidi kuilinda nchi na kuwaachia watakaokuja nchi iliyo kubwa na bora kuliko ile aliyoipokea. Aliahidi kuzitii sheria, na kuwatii wakuu watawalao kwa busara. Mashahidi wake walikuwa miungu kadha wa kadha. Na baada ya miungu waliitwa kushuhudia mipaka ya nchi, ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni na mitini. Yaani kijana aliapa mbele ya chakula kilichomlea.

Kiapo hicho hakikuwa maneno ya sherehe tu. Habari za kushindwa Chaeronea zilipofika, mtu mmoja aitwaye Leocrates alipakia mali yake chomboni akakimbilia Rhodes. Miaka kadhaa baadaye alirudi, na Lycurgus akamshtaki, karibu na mwaka 330 K.K. Mahakamani Lycurgus aliamuru kiapo cha maefebo kisomwe. Akasema kwamba ikiwa Leocrates aliapa, basi amevunja kiapo; na ikiwa hakuapa, basi tangu ujana wake alikusudia kutotimiza wajibu. Aeschines, aliyeishi wakati ule ule, anatuambia kwamba kura ziligawanyika sawasawa. Na kwa desturi ya Athene, kura zikilingana mshtakiwa huachwa. Nusu ya watu waliona kwamba mtu mzima hufungwa na neno alilolitamka akiwa kijana; nusu hawakuona hivyo, au walimhurumia. Wasomaji wetu na wapime wenyewe.

6. Wenzi wa hirimu moja

Kutoka katika efebo likazaliwa neno lingine tamu: *synephebos*, yaani mtu aliyekuwa efebo pamoja nawe. Watu wa pwani yetu wangesema ni mwenzi wa hirimu moja. Majina ya kila mwaka yaliandikwa juu ya bamba la shaba lililosimama mbele ya nyumba ya Baraza. Kundi hilo liliendelea kuhesabiwa pamoja kwa miaka 42, tangu 18 mpaka 59. Mji ulipotaka askari, ulitangaza makundi yaliyohitajiwa kwa mwaka wao wa kuandikwa. Na katika mwaka wa mwisho, wale waliokuwa vijana wa ngao na mkuki walipewa kazi ya kuwapatanisha raia wenye mashtaka.

Aeschines aliposhambuliwa na maadui zake, alijitetea kwa kusema kwamba alilinda mipaka miaka miwili, akawaita wenzi wake wa uefebo wamshuhudie. Na Strabo, yule mwandishi wa jiografia, anasema kwamba Epicurus mwanafalsafa na Menander mtunzi wa michezo ya kuchekesha walikuwa maefebo pamoja. Mmoja alikuja kufundisha watu wasiogope kifo, mwingine akawachekesha. Ilhali siku moja walikuwa vijana wawili wa joho fupi, wanangoja chakula kimoja.

7. Mlango uliofungwa

Haifai kulisifu neno hili bila kutazama upande wake wa giza. Msichana hakuwa efebo kamwe. Mtumwa hakuwa. Mgeni aliyekaa Athene akilipa kodi na kwenda vitani hakuwa, wala mwanawe aliyezaliwa pale pale. Kura ile ile iliyomwambia mmoja "tunakujua" ilimwambia mwingine "hatukujui", ingawa alicheza nao utotoni.

Neno hili lilifika hata katika bara letu la Afrika, kwa kuwa Wayunani walijenga miji Misri na Kirene. Huko Alexandria, kuwa efebo kulikuwa ndiyo njia ya uraia wa mji. Mwaka 41 B.K. Kaisari Claudius aliwaandikia watu wa Alexandria barua ambayo bado ipo, imeandikwa juu ya mafunjo. Humo alithibitisha uraia wa wote waliokwisha kuwa maefebo, isipokuwa wale waliojipenyeza hali wamezaliwa na mama watumwa. Karne zilikuwa zimepita, na utawala umebadilika, lakini swali lilikuwa lile lile: mama yako ni nani?

8. Neno linavyobadilika

Hata katika Athene maana haikukaa mahali pamoja. Karibu na mwisho wa karne ya nne K.K., miaka miwili ilipunguzwa ikawa mmoja, na haikuwa lazima tena. Uefebo ukawa chuo cha watoto wa matajiri, wakaenda kuwasikiliza wanafalsafa. Kabla ya mwaka 100 K.K. majina ya wageni yakaanza kuonekana katika orodha zao, na maefebo wakawa wanatoa vitabu 100 kwa maktaba. Joho lao lilikuwa jeusi, mpaka tajiri Herodes Atticus, katika karne ya pili B.K., alipowapa joho jeupe.

Mahali pao pa mazoezi paliitwa *gymnasion*, kutokana na neno *gymnos*, maana yake "uchi", kwa kuwa walifanya mazoezi bila nguo. Msicheke sana, leo Wajerumani huita shule ya sekondari *Gymnasium*, na Wagiriki huiita *gymnasio*.

Na efebo je? Neno hilo bado liko Ugiriki, hutamkwa *efivos*, nalo hutaja mvulana au msichana aliye katika miaka ya kubalehe. Wasichana, ambao zamani walifungiwa mlango, sasa wameingia katika neno. Lakini ngao, kiapo na kura vimetoka. Neno limerudi lilikoanzia, penye mwili.

Basi tukiulizwa maana ya efebo, tusiseme "kijana" tukanyamaza. Tuseme hivi: ni kijana ambaye umri umemfikisha mlangoni, na watu wanaomjua wamemshuhudia, naye ameingia akiwa na deni la kutumikia. Umri huja wenyewe, hata kwa mvivu. Ushuhuda hauji wenyewe. Hutolewa na majirani walioutazama mwenendo wetu, na walimu, na wenzi tuliokula nao sahani moja. Na sisi tutakapokuwa wazee wa kupiga kura, tukumbuke yule aliyesimama mbele ya demo yake akitetemeka, asijue atatoka mtu huru au mtumwa. Mwenye ufunguo wa mlango hupaswa kujua kwamba mlango una pande mbili.

Maswali

1. Eleza vipande viwili vya neno efebo na maana ya kila kimoja.
2. Kwa nini Baraza liliwatoza faini watu wa demo, lisimtoze kijana mwenyewe?
3. Oboli 4 ni sehemu gani ya drakma? Je, unaona faida gani ya kutowapa vijana fedha mkononi?
4. Kura za kesi ya Leocrates zililingana. Kama ungalikuwa mmoja wao, ungalipigaje kura yako? Toa sababu.
5. Andika maneno ya Kiswahili, au ya lugha ya nyumbani kwenu, ya kumtaja mtu kwa umri wake. Lipi kati yake hutolewa na mwili, na lipi hutolewa na watu?